Uso Uliomcheka Babu

Nilizaliwa na kukulia Mbugani, mjini Kyela, jirani na mashine ya kukoboa mpunga. Watu wa mjini tulijiona tumeendelea, na ukutila tuliuhesabu kuwa jambo la bibi zetu. Ukutila ni ile heshima ya Kinyakyusa inayomtaka mke asionane na baba wa mumewe. Asimtazame, asiseme naye, asimtaje jina, na akimwona njiani aingie kwenye migomba ajibanze mpaka apite. Kabla ya kuolewa nililicheka sana jambo hili. Nilipoolewa kijijini Ngana niliacha kucheka, maana baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa aliyejua Zaburi kwa kichwa na ukutila kwa kichwa vilevile, wala hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana.

Nilimjua kwa kikohozi chake. Alipokaribia nyumba yetu alikohoa mara moja akiwa bado mbali, nami niliacha nilichoshika nikaingia ndani. Niliijua miguu yake, mabuti yake ya mpira na namna alivyoburuta ule wa kushoto. Nilimpikia, nikamfulia, nikamzalia wajukuu, na sura yake sikuijua zaidi ya mtu anavyoijua sura ya dereva wa lori lililompita.

Mama mkwe alikuwa ameshafariki, na kwa kawaida yeye ndiye angekuwa mdomo wangu kwa mzee. Kazi hiyo ilimwangukia binti yangu wa kwanza tangu alipoweza kubeba sahani bila kumwaga. Chakula changu kilifika kwa babu mikononi mwake. Alipiga magoti, akasalimia, akammiminia maji ya kunawa, akangoja vyombo. Mzee akitaka kuniambia kitu alimwambia yeye, nami nikitaka kujibu nilimtuma yeye. Alikuwa mtoto mwenye adabu ya kupendeza, na babu yake alimpenda waziwazi, jambo ambalo wazee wa kule hawafanyi ovyo. Alimwita mke wake mdogo, akamwekea ndizi mbivu nyuma ya mlango.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Maduka ya Kyela yaliyokuwa na rafu tupu nilipokuwa msichana yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ilimwagwa chini sokoni, na kila aliyeweza kupata gunia na nafasi kwenye lori akawa mfanyabiashara wa mchele. Mume wangu naye alikuwa mmoja wao. Baada ya mavuno alikwenda Mbeya na mchele, akirudi anakaa siku chache, anaondoka tena. Ni mtu mpole sana, na upole wake umeniudhi mara nyingi kuliko ukali wa watu wengine.

Masika ya mwaka mmoja maji yalijaa kama yanavyojaa Kyela, na kwenye kijito kilicho kati ya mashamba yetu na nyumba kulikuwa na daraja la magogo mawili tu. Siku moja nilikuwa katikati ya magogo yale, na mzigo kichwani, nikasikia kikohozi mbele yangu. Baba mkwe alikuwa ameshakanyaga magogo kutoka upande wa pili. Nyuma yangu walikuwa wanakuja wanawake wawili na mizigo yao, na chini maji yalikuwa yanapita na matawi. Hapakuwa na mgomba wa kujibanza. Nilishusha macho nikaenda mbele, yeye akageuka ubavu, tukapishana karibu sana hata nikasikia harufu ya tumbaku kwenye koti lake. Wale wanawake waliona. Nilicheka kimyakimya njia nzima, nikajua jioni ile Ngana nzima itakuwa na la kuzungumza.

Masika hayohayo binti yangu aliumwa koo. Alishindwa kumeza, akapata homa. Nilifanya alichofanya kila mama wa pale. Nilimpeleka kwa mzee mmoja hodari wa kukata vimeo, yaani kile kinyama kinachoning'inia kooni, kwa sababu tuliamini kikirefuka ndicho kinacholeta kikohozi na maumivu. Alikikata, mtoto akatema damu, akalia, na baada ya siku chache akala ugali. Koo likawa limekwisha. Hakuna aliyelifikiria tena.

Mpunga ulipoanza kuvunwa, mtoto alibadilika. Kwanza yalikuwa machozi. Alilia kwa sababu ndogo, kama uzi kukatika au mdogo wake kukalia kigoda chake, halafu katikati ya kilio anacheka. Siku ya Jumapili alicheka kanisani wakati wa sala ya kimya, akageuziwa macho na safu zote. Kisha vitu vikaanza kumponyoka. Kikombe kilianguka, kesho yake sahani, kisha akamwaga uji wote kifuani. Nilimkaripia, nikidhani ni uzembe wa mtoto anayekua haraka. Akaanza kuniuliza kama mlango umefungwa. Namjibu umefungwa, anakwenda kuutazama, anarudi kuuliza tena, na machozi yakimlengalenga kama vile mimi ndiye ninayemtesa kwa kumjibu. Alinawa mikono mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Alikuwa wa darasa la tatu na mwandiko wake ulikuwa wa kusifiwa, sasa ukawa wa kuku. Mwalimu alimchapa kwa hilo, na mwandiko ukazidi kuharibika.

Mwishowe uso. Nyusi zilipanda zenyewe, mdomo ukavutwa upande, ulimi ukachungulia na kurudi ndani. Mabega yalicheza. Akiketi alikuwa kama mtu aliyekalia siafu. Niliona kwamba akisinzia mchana kwenye mkeka vyote vinakoma, uso unarudi kuwa wa mtoto wangu niliyemjua, na akiamka vinaanza upya. Sikujua maana yake. Nilikaa tu nikamtazama akiwa amelala, nikiwa na hofu ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia.

Na ni uso huohuo uliokwenda kupiga magoti mbele ya babu na maji ya kunawa. Mara ya kwanza alimwaga maji miguuni kwa mzee, akatoa ulimi. Mzee alijipangusa miguu. Mara ya pili alimvutia mdomo, mzee akamwuliza nani kamfundisha. Mara ya tatu alimfukuza na sahani yake, naye akarudi kwangu analia kwa kwikwi. Tangu siku ile chakula cha baba mkwe kilipelekwa na mdogo wa mume wangu. Ndizi nyuma ya mlango zikaiva zikaoza.

Nilijaribu ya kwangu. Maduka ya dawa yalikuwa yamefunguliwa mjini kama uyoga, na muuzaji wa duka la kwanza aliniuzia dawa ya minyoo. Wa duka la pili aliniuzia klorokwini ya malaria. Mchungaji alituombea, na nilimshukuru, maana wakati wa maombi mtoto alishikwa mkono na mtu asiyemkasirikia. Lakini pale nyumbani jibu lilikuwa limeshapatikana bila mimi kuulizwa. Kosa lilikuwa langu. Mwanamke wa mjini alikutana na mkwewe uso kwa uso darajani, hakurudi nyuma, na kuna walioapa alikuwa anacheka. Sasa dharau yake imeingia kwa mtoto, na mtoto anamcheka babu yake usoni. Ukilitazama kwa macho yao, lilikuwa limepangika vizuri kabisa. Nami nisingeweza kujitetea, kwa sababu kujitetea mbele ya baba mkwe ndiyo ingekuwa dharau yenyewe.

Mdogo wa mume wangu aliniletea uamuzi. Dada wa baba mkwe, aliyeolewa Ikombe, kijiji kinachofikiwa kwa mtumbwi, angekuja baada ya siku ya soko kumchukua mtoto. Angekaa kule kando ya ziwa, mbali na mimi, ajifunze kufinyanga vyungu na wanawake wa Kikisi, abebe udongo na kuni, anyooke. Shule angeiacha kwanza. Nilimtuma shemeji arudi akamwombe mzee angoje mume wangu arudi. Akaja na jibu kwamba mzee ameshaamua, na mume wangu ni mtoto wake, hana wa kungojewa.

Kulipokucha nilimfunga mtoto kwa khanga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya kukodi, nami nikapanda nyingine, tukaenda mpaka mjini, na kutoka pale tukapata gari la mizigo hadi hospitali moja ya misheni. Sikuomba ruhusa kwa mtu. Nilisema tu kwamba nakwenda kwetu Mbugani, na ni kweli nilipita.

Daktari alikuwa mama wa makamo, na jambo la kwanza lililonifanya nimwamini ni kwamba mtoto alimtolea ulimi naye hakubadilika. Alimwambia autoe tena, sasa kwa kutaka, aubakishe nje. Mtoto hakuweza, ulirudi ndani kama kichwa cha kobe. Akampa vidole vyake viwili avishike kwa nguvu bila kuachia. Akavitazama vile vidole vikibanwa na kuachiwa, vikibanwa na kuachiwa, akaniuliza kama kwetu tunafuga. Nikasema tunafuga. Akasema basi tazama, anakamua ng'ombe, na hakuambiwa akamue. Kisha akauliza kama akilala anatulia. Nilipojibu kwamba anatulia kabisa, nilianza kulia pale pale, kwa sababu nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa nimeliona hilo.

Akauliza habari ya koo. Nikamwambia halikuwa na shida. Akauliza tena, miezi iliyopita je? Nikasema, lile lilishapona, alikatwa kimeo. Daktari akaweka kalamu chini, akasema hapo ndipo penyewe. Wale wadudu wa koo hawakukatwa pamoja na kimeo. Walibaki, na mwili ukaamka kupigana nao. Kijijini kwetu wakati ule kulikuwa na sungusungu waliolinda watu na wezi, na aliponiona nimebaki nimeduwaa akanielezea kwa njia hiyo. Alisema mwili una sungusungu wake. Mwizi ameshakimbia, wao bado wana hasira, wamerudi gizani na kuanza kumpiga mwenye nyumba wakidhani ndiye mwizi. Wanaupiga ubongo mahali panapotawala mikono na uso, na pale panapotawala hofu na kilio. Alipomsikiliza kifua akakaa muda mrefu. Moyo nao ulikuwa umeguswa.

Alilitaja jina la ugonjwa, refu, sikulishika siku ile. Nilishika mengine. Achomwe sindano ya penisilini kila mwezi kwenye zahanati ya kwetu, bila kukosa, kwa miaka, kwa sababu koo likirudi na moyo utapigwa tena, na moyo hautengamai kama mikono. Apumzike, asibebe mzigo. Asipigwe wala kukaripiwa kwa kile mwili unachofanya wenyewe, maana akiogopa kitazidi. Nikamwuliza itakuwaje akipelekwa Ikombe. Aliijua Ikombe. Aliniuliza tu kama ziwa likichafuka mtumbwi unavuka. Nikamwambia hauvuki. Akasema, "Basi umejijibu, mama."

Njia ya kurudi nilikuwa na furaha na hasira zikigombania nafasi. Mtoto wangu hakuwa na dharau, hakuwa amerogwa, wala sikuwa nimemwambukiza kosa la darajani. Alikuwa mgonjwa. Sijawahi kulipenda neno mgonjwa kama nilivyolipenda siku ile. Nilishukia shuleni nikamweleza mwalimu, na nilikuwa nimejiandaa kugombana. Hakunipa nafasi. Alitazama mikono ya mtoto, akasema alimchapa mikono hiyohiyo. Kisha akauliza kama atakuwa anaweza kujibu kwa mdomo asiandike, na kama akae karibu na mlango ili akizidiwa atoke nje bila kuomba ruhusa. Nikasema ndiyo kwa yote mawili, ingawa jibu la kwanza nililibahatisha.

Lakini mwalimu nilikuwa na ruhusa ya kusema naye. Nilipofika nyumbani nilimkuta shangazi wa Ikombe ameshawasili. Asubuhi iliyofuata nilikuwa jikoni, na kupitia upenyo wa mlango niliwaona uani. Shangazi alikuwa ameketi kwenye mkeka, mama mnene mwenye sauti ya watu wa ziwani waliozoea kuitana kutoka mtumbwini, na kando yake vyungu viwili alivyobaki navyo sokoni. Baba mkwe aliketi kwenye kiti chake barazani, mgongo ukiwa upande wangu. Kitita cha nguo za binti yangu kilikuwa kimefungwa. Yeye mwenyewe alisimama ukutani, mabega yakicheza, akijaribu kuyazuia kwa kujikumbatia.

Nilitoka. Nilipotoka nilisikia shangazi akivuta pumzi. Mzee aliinuka akageukia ukuta, kama ilivyompasa. Nilipiga magoti mbali kidogo, nikatazama chini.

"Mugonile, tata," nikasema. Ndiyo salamu yetu, tata maana yake baba, na ilikuwa mara ya kwanza kumsalimia.

Nikaendelea kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena. "Mnisamehe. Kama mimi nimekosa, nihukumuni mimi, nitarudi kwetu leo. Lakini mtoto huyu anaumwa. Akivuka kwenda Ikombe atakosa sindano, na akikosa sindano moyo utakufa. Simkatalii shangazi. Naukatalia mtumbwi."

Mzee akauambia ukuta, "Mwulize mwanamke huyo, huo ugonjwa ni gani."

Shangazi akanigeukia, nikiwa hatua chache kutoka kwake, akasema kwa sauti yake ya mtumbwini, "Anauliza ugonjwa ni gani." Nikamweleza yeye. Nilieleza koo, nikaeleza kimeo, nikaeleza sungusungu. Akamgeukia kaka yake akayarudia yote, akiongeza chumvi kidogo kwa wale sungusungu. Tulikwenda hivyo, swali likipita kwake na jibu likipita kwake, sote watatu tukisikia kila neno mara mbili. Kama si hofu ningecheka mpaka nianguke.

"Mwulize, kama ni ugonjwa, mbona unamjia akiniona mimi?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na nilisikia ndani yake kwamba mzee alikuwa ameumia. Nikajibu kwamba jikoni kwangu ni vilevile, ila babu haingii jikoni akaona. Nikasema kwamba mbele yake unazidi kwa sababu hakuna mtu mwingine ambaye mtoto anaogopa kumkosea kama yeye. Shangazi aliyarudia maneno haya polepole, bila chumvi.

"Na lile la darajani?"

Hapo mdomo wangu wa Mbugani ulinitangulia. "Darajani tulikuwa wawili, tata," nikasema moja kwa moja, nikasahau kumpitia shangazi. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Mzee alikohoa. Hadi leo sijui kama kilikuwa kikohozi.

Kisha akasema mtoto aletwe. Binti yangu alikwenda akapiga magoti kando yake, na mimi niliona mgongo wake tu, ule mgongo mdogo usiotulia. Babu akamwuliza yeye mwenyewe, na ndipo nilipotambua kwamba katika miezi yote ile, mimi na mchungaji na wauza dawa na Ngana nzima, hakuna aliyekuwa amemwuliza.

"Kwa nini unanicheka?"

"Sikucheki, babu. Ni uso," akasema. Maneno yalimtoka kwa shida, ulimi ukiyakatakata. "Nikikuletea maji naomba Mungu utulie. Hautulii. Uso unakucheka, mimi nalia."

Shangazi hakurudia hayo. Hapakuwa na haja, na nadhani hakuweza. Mzee alisimama akiwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Alipozungumza alimwambia dada yake avuke peke yake, na vyungu viwili hivyo aviache, vitatumika pale nyumbani. Shangazi akasema hata yeye amekuwa akijiuliza, udongo mtoto angeufinyanga kwa mikono ipi. Kisha mzee akauliza sindano ni lini, na shangazi alipofungua mdomo kunigeukia nilikuwa nimeshajibu.

"Alhamisi, tata."

"Nitampeleka mimi."

Sitasema kwamba mtoto alipona wiki ile. Mikono ilikaa miezi ndipo ikatulia, na lile swali la mlango lilichelewa kuliko mikono. Mwaka wa pili koo lilimshika tena na uso ukarudi kucheza, ingawa si kwa nguvu ileile. Mume wangu aliporudi kutoka Mbeya nilimweleza yote, akasikiliza kwa upole wake, akasema baba yake ni mtu mzuri. Nilimrushia mwiko. Sindano ziliendelea mpaka binti alipokuwa mtu mzima, na moyo wake una kasoro anayoijua na kuitunza, naye leo ana watoto anaowachungulia koo kwa tochi hata wakipiga chafya tu. Na mimi na baba mkwe hatukuwa marafiki ghafla. Aliendelea kukohoa akiwa mbali, nikaendelea kuingia ndani. Tulikuwa tumevunja kitu siku ile, kisha kila mmoja akasaidia kukiweka pale kilipokuwa, nami sikuona vibaya.

Alhamisi ya kwanza alikuja asubuhi, akakohoa. Nilimtoa mtoto mlangoni. Alimshika mkono, mkono ule usiotulia, wakaondoka kuelekea zahanati, na mimi niliwafuata kwa mbali kama inavyonipasa, nikiona kofia yake na kichwa cha mtoto juu ya majani ya mpunga uliobaki.

Mbele kidogo walikutana na jirani yetu mmoja anayesukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi. Nilisimama. Binti yangu alipiga magoti njiani kumsalimia, na alipoinua kichwa nyusi zikapanda, mdomo ukaenda upande, ulimi ukatoka. Yule bwana alikuwa anatabasamu, tabasamu likakatika. Akamwuliza mzee kama na yeye mtoto huyu atamzomea njiani, mtu mzima. Nilikuwa mbali na nisingeweza kufika kumtetea, na kwa desturi nisingepaswa.

"Anaumwa," akasema baba mkwe. "Hakuzomei. Msalimie tena."

Jirani alimtazama mzee, akamtazama mtoto. Akaiegemeza baiskeli kwenye kiuno chake asiiangushe, akainama kidogo, akamsalimia upya tangu mwanzo, kwa jina lake na jina la baba yake. Binti yangu akaitika.